Vijiko Viwili vya Chumvi

Mama Birika alijisifia kitu kimoja tu duniani, nacho ni chai yake. Mengine yote aliyojaliwa, afya, mwana, paa la kulala chini yake, aliyahesabu kuwa kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu mtu haitambii. Lakini chai aliipika mwenyewe.

Aliipikia kwenye karakana ya magari, ndani ya kibanda cha bati kilichoegemea ukuta, na mafundi kumi na mmoja wa pale hawakushika spana kabla hawajashika kikombe. Ilikuwa chai nzito ya maziwa, iliyochemka mpaka ikaacha ubishi. Fundi mkuu, mtu mwembamba na mrefu waliyembandika jina la Jeki, alikuwa akisema kwamba kijiko ukikisimamisha ndani ya chai ya Mama Birika, kinafikiri kwanza ndipo kianguke.

"Cheka tu," Mama Birika humjibu. "Siku nikifa mtakunywa maji ya rejeta."

"Wewe hufi, Bi Mkubwa. Chai yako imeshakukausha, kifo kikikuonja kitakutema."

Sasa mtu mwenye dawa kama hiyo mkononi, mkwe wake akishika mimba, atafanya nini? Atampa chai.

Mkwe huyo alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, yule aliyekuwa akichomelea vyuma karakanani humo humo. Alifundisha watoto wa chekechea, kwa hiyo nyumbani na mtaani watu walimwita Mwalimu, basi. Walikaa wote watatu ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Mwalimu alikuwa na adabu ya kupitiliza. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mama Birika, mjane wa mwaka wa tisa, alikuwa amejiandaa kwa mkwe wa kurushiana maneno. Alipoletewa huyu alipiga magoti akashukuru. Baada ya miezi sita akaanza kushuku. Binadamu gani huyu asiye na "hapana" hata moja mdomoni?

Mimba ilipofika mwezi wa tano, Mwalimu alirudi kutoka kliniki na pakiti ya vidonge vyekundu. Damu imepungua kidogo, alisema, na hivi ni vya madini ya chuma, kimoja kila siku.

"Wamesema umeze vipi?"

Mwalimu akafungua mdomo ajibu. Lakini Mama Birika alikuwa ameshamimina kikombe kikubwa, kile chenye ua ubavuni, na ameshakisukuma mbele yake. Mwalimu akautazama mvuke. Akafunga mdomo, akaweka kidonge ulimini, akanywa.

"Hivyo hivyo," alisema Mama Birika kwa kuridhika.

Tangu siku hiyo kazi ya vidonge akajitwika yeye. Kila asubuhi kabla ya kushuka kwenda karakanani alisimama mbele ya mkwe wake, kidonge mkono huu, kikombe mkono ule, akalitazama koo mpaka lishuke na lipande. Halafu alikwenda kwenye kalenda ya ukutani akaweka alama ya vema kwa penseli. Hakuna siku iliyorukwa. Hata siku ya mafua aliamka akasimamia, kisha akarudi kulala.

Pamoja na hayo yote, Mwalimu alizidi kupauka. Viganja vyake viligeuka rangi ya karatasi ya daftari. Nyimbo za watoto za kurukaruka akawa anaziimbisha amekaa. Na zile ngazi za kupanda nyumbani zilimshinda katikati: akifika ghorofa ya kwanza anainama kufunga kamba za viatu, akifika ya pili anainama tena. Mama Birika alikuwa akimtazama kutoka juu, na jambo moja lilimtatiza. Viatu vile havikuwa na kamba.

Juu ya hayo, nyumba iliingiwa na panya. Walikuwa panya wa ajabu. Mchele ulipungua kwenye ndoo bila tundu, bila kinyesi, na kifuniko kikirudishwa mahali pake vizuri. Mama Birika alinunua mtego akautega chini ya kabati. Jumamosi mchana, akiwa chumbani, alisikia jikoni, kra, kra, kra. Akaja mbio na kandambili mkononi. Akamkuta Mwalimu amesimama peke yake, mdomo ameufunga.

"Umemsikia?"

Mwalimu akatikisa kichwa kwa adabu, midomo bado imebanwa.

"Mjanja huyo," Mama Birika alisema. "Lakini mimi naye tutaonana."

Siku ya kliniki ilipofika tena, mimba ikiwa na wiki thelathini na tatu, mume alikuwa amelala chini ya lori anachomelea, akashindwa kutoka. Mama Birika akaacha birika mikononi mwa Jeki, huku roho ikimuuma, akaenda yeye. Kabla ya kutoka nyumbani aliitungua kalenda kwenye msumari, akaiviringisha, akaitia kwapani. Mtu akienda mbele ya wataalamu aende na ushahidi.

Mkunga wao alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, wote wakimwita Sista. Alimchoma Mwalimu kidoleni, akakamulia tone la damu kwenye kimashine kidogo, akatazama. Akakipangusa kimashine, akachoma kidole kingine, akatazama tena.

"Saba nukta nne," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mara ile ilikuwa tisa nukta nane. Mwalimu, vidonge unameza au unawapa kuku?"

Hapo ndipo Mama Birika alipokuwa akipangoja. Akaikunjua kalenda juu ya meza, akaikandamiza kwa viganja viwili.

"Hesabu mwenyewe, Sista. Miezi mitatu. Kila siku nasimama pale mimi, kwa macho yangu haya."

Sista akahesabu kwa kalamu, safu kwa safu. "Hata mimi sijawahi kuona mgonjwa anayesimamiwa hivi," alisema. "Anameza na nini?"

"Na chai!" Mama Birika alikaa vizuri kitini. "Na si chai ya kubahatisha. Nzito, ya maziwa, kikombe kizima. Akimaliza namwongezea nusu."

Sista aliweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta polepole, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Mama yangu, usiudhike. Chai inakikamata hicho kidonge tumboni kabla damu haijakiona, na maziwa yanakishika miguu. Kinapita kama kilivyoingia. Chai si mbaya, ila saa yake si hiyo. Kidonge ni kwa maji, na kipande cha chungwa ukikipata, chai ikae mbali, saa mbili hivi." Akamgeukia Mwalimu. "Na hayo nilikwambia siku ile ile. Au sikukwambia?"

Nje, mtoto wa mtu alikuwa akilia kwa kuchomwa sindano.

"Uliniambia, Sista," alisema Mwalimu.

"Sasa ikawaje?"

Mwalimu alitazama magoti yake. "Chai ilikuwa imeshamiminwa."

Mama Birika aliiangalia kalenda yake. Alama zote zile, zilizonyooka kama mahindi shambani, sasa kila moja ilimkodolea jicho. Akaanza kuiviringisha, taratibu.

"Na kuna kitu unatafuna kisicho chakula?" Sista aliendelea, akiandika. "Chuma kikipungua mwilini watu hutamani mambo. Udongo, barafu, chaki."

Mwalimu akatia mkono kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wake, akatoa kifundo cha leso, akakifungua mezani. Ulikuwa mchele mbichi, umebaki kama viganja viwili.

"Panya wangu!" alimaka Mama Birika, na hata daktari aliyekuwa akiingia mlangoni alisimama.

Daktari alikuwa msichana mrefu, mpole, mdogo kwa umri kuliko Mwalimu mwenyewe, lakini alisema kama mtu anayejua anapokwenda. Alieleza kwamba zimebaki wiki saba, labda pungufu. Vidonge, hata vikimezwa vizuri kuanzia leo, hupandisha damu kwa mwendo wa konokono, na kwa damu iliyoshuka hivi siku hazitoshi.

"Kila anayezaa hutoka damu," alisema. "Mwenye akiba anatoka, anasimama, anaomba chakula. Asiye na akiba, kiasi kile kile kinaweza kumwondoa. Sitaki Mwalimu aingie leba hivi alivyo. Nataka tumpe chuma kwa mshipa. Si damu ya mtu, ni dawa ya chuma, inaingia kwa dripu, haikutani na tumbo wala na chai ya mtu. Nusu saa inaingia, nusu saa nyingine anakaa hapa tunamtazama, kwa sababu mara chache sana mwili wa mtu huikataa, na hilo likitokea nataka awe mikononi mwetu. Alhamisi saa tatu nina kiti. Mnasemaje?"

"Atakavyosema Mama," alijibu Mwalimu.

Mama Birika hakusikia vizuri. Tangu neno dripu litamkwe, masikio yake yalikuwa yamejaa mvumo. Miaka tisa nyuma alikaa siku tatu kando ya kitanda cha mumewe, akiitazama chupa inayoning'inia, tone, tone, tone. Siku ya nne mtu alikuja akaishusha ile chupa, halafu akavuta shuka juu. Mpaka leo akiona mfuko wa plastiki unaning'inia, hata wa samaki wa urembo sokoni, hugeuza uso.

"Tutafikiri," alisema.

"Fikirini," alisema daktari, "lakini leo ni Jumatatu."

Kwenye ngazi za nyumbani Mwalimu alisimama ghorofa ya kwanza, akainama.

"Acha, mwanangu," alisema Mama Birika. "Viatu vyenyewe ni vya kutumbukiza." Akakaa kwenye ngazi, akamvuta akae kando yake. Wakakaa hivyo kama abiria wawili waliokosa gari, mpaka pumzi ya Mwalimu iliporudi.

Kesho yake karakanani habari ilikuwa imeshafika kabla ya birika kuchemka.

"Nasikia kuna fundi wa chuma hapa," Jeki aliiambia hewa, "mke wake anadaiwa chuma hospitali."

"Nimemwambia aje nimchomelee kipande," alijibu mwana wa Mama Birika, akiinua miwani yake nyeusi, na wenzake wakaangua kicheko. Lakini mama yake alijua kicheko cha mwanawe kilipokuwa cha kweli na kilipokuwa cha kufunika kitu.

"Na Bi Mkubwa," Jeki akaendelea, "nasikia chai yako imepigana na dawa za serikali miezi mitatu, imezishinda bila jasho."

Siku nyingine angemrushia mwiko. Siku hiyo alimimina tu, na vikombe viwili akavisahau sukari. Mafundi walitazamana. Mmoja akajaribu kusema, Jeki akamfinya.

Mwanawe alimfuata kibandani, akifuta mikono kwa tambara.

"Mama, mimi nataka awekewe hiyo dawa."

"Na yeye?"

"Namuuliza, ananiambia 'mpaka Mama aridhike.' Nikimuuliza wewe mwenyewe unatakaje, ananiambia 'Mama ndiye mkubwa.' Nimeoa mwalimu, kumbe nimeoa mwanafunzi wako."

Aliporudi kwenye kazi yake, Mama Birika alibaki ameshika kifuniko cha birika. Alikuwa akiona sasa jambo lilivyo. Akisema "hapana" kwa sababu ya hofu yake ya miaka tisa, yule binti ataipokea hapana hiyo kwa mikono miwili, ataimeza mpaka chini, atasema asante, na ataingia leba hana damu. Akisema "ndiyo" na moyoni binti hataki, vile vile ataimeza. Neno lake lilikuwa limekuwa kama ile chai: limeshamiminwa. Hilo lilimtisha kuliko chupa yoyote.

Jioni, kabla ya kula, alifunga mlango wa chumba chake akazungumza na Mola wake kwa lugha ya kawaida, kama alivyozoea. Umenipa mkwe asiyesema, alimwambia, na mimi sina ulimi wa kumuuliza kwa upole, unanijua. Basi nipe maarifa ya kumsemesha.

Maarifa yalimjia Jumatano saa kumi alasiri, akiwa jikoni.

Vidonge sasa vilikuwa vikimezwa kwa maji alfajiri, na alasiri chai iliruhusiwa. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka kazini, amekaa mezani, miguu juu ya kigoda. Mama Birika alimimina kikombe chenye ua. Akapita na kijiko karibu na kopo la sukari bila kusimama, akaenda kopo la pili, akachota kimoja cha kujaa. Akafikiri. Akaongeza cha pili. Akakoroga vizuri, akaweka mezani, akakaa akajifanya anachambua dengu.

Mwalimu akanywa.

Nyusi zilipanda zikashuka. Machozi yalimlengalenga kidogo. Kitu kilipita kooni kwa shida, kama mtu anayepita mlango na godoro. Kisha akaweka kikombe chini polepole.

"Asante, Mama," alisema. "Chai tamu."

Mama Birika alimwaga dengu zote sakafuni.

"Tamu? Tamu nini? Nimetia chumvi! Vijiko viwili vya chumvi!"

"Nimeona, Mama."

"Umeona, halafu unaniambia tamu?"

"Nilifikiri," alisema Mwalimu, akipangusa mdomo, "labda macho yako yameanza kuchoka. Sikutaka uone aibu."

Mama Birika alifungua mdomo. Kikatoka kicheko. Kilianza kama kikohozi, kikamshika mbavu, kikamkalisha chini kati ya dengu, na Mwalimu naye akashindwa, akacheka ameshika tumbo kwa mikono miwili, mpaka mtoto ndani akapiga teke na kucheka kukageuka "uwii!"

Kilipotulia, Mama Birika alikuwa bado sakafuni. Akazungumza huku akiokota dengu, maana kuna maneno husemwa vizuri mtu akiwa na kazi mkononi.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi nilikulisha chai miezi mitatu kwa ujinga wangu. Wewe ukainywa miezi mitatu kwa adabu yako. Sasa tukae hapa tuulizane, huyu mtoto tumboni atakula ujinga wangu au adabu yako? Kesho ni Alhamisi. Sikuulizi Mama anasemaje. Mama amenyamaza. Nakuuliza wewe. Unataka nini?"

Mwalimu alisukuma kikombe pembeni. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo, lakini haikuwa na pazia.

"Nataka dripu, Mama. Niliitaka tangu Jumatatu. Dripu siiogopi. Naogopa kuzaa hivi, halafu nisiamke nikamwona. Kila nikipanda ngazi naogopa."

"Na hukusema."

"Nilikuona ulivyobadilika uso pale. Nikajua kuna kitu kinakuuma. Wewe unaogopa nini?"

Miaka tisa hakuna aliyemuuliza. Mama Birika aliitazama dengu moja kiganjani.

"Ile chupa," alisema. "Baba wa mumeo nilimwacha chini yake."

Mwalimu alisogeza kigoda, akainama kwa shida na tumbo lake, akaanza kuokota dengu naye. "Basi kesho utakaa upande ambao huioni," alisema. "Nitakuwa nakuhadithia mimi."

Alhamisi saa tatu walikuwa kiti namba mbili, chumba chenye viti vinne vya kulalia na pazia la kijani. Mume aliwafikisha mpaka mlangoni, akaulizwa na Sista kama yeye ndiye fundi aliyeshindwa kumpa mke wake chuma, akakimbilia kazini. Mama Birika alikaa ameupa mgongo ule mlingoti wa kutundikia dripu, uso ukutani, kama mtoto aliyepewa adhabu shuleni. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti.

Sista alipima presha, akatafuta mshipa, akatia sindano ya plastiki, akafungua dawa, akaanza taratibu.

"Inashuka, Mama," alihadithia Mwalimu. "Tone moja. La pili. Lakini Mama, si nyeupe."

"Si nyeupe?"

"Ya kahawia. Imekolea. Ni rangi ya chai ya rangi. Ile yako ya Jumapili, isiyo na maziwa."

Mama Birika alijizuia. Akahesabu mpaka tano. Kisha akageuza shingo inchi moja, halafu inchi ya pili. Kweli. Haikuwa kama ile chupa ya miaka tisa nyuma, angavu, baridi, ya kuogofya. Ilikuwa mfuko wa kitu cha kahawia, kilichokolea, chenye sura ya kitu kilichochemka vizuri.

"Imeiva," alisema mwishowe, akageuza kiti chote.

"Hii ndiyo chai yake," alisema Sista, "sisi tunaipitishia dirishani, kwa sababu mlangoni kuna mtu na birika."

"Nimesikia, Sista. Unaweza kuacha sasa."

Dakika kumi zikapita. Mwalimu alinyamaza, na Mama Birika, aliyezoea kulitazama koo lile kila asubuhi, aliliona likipanda na kushuka bila kumeza kitu. Vidole vya mkono wenye sindano vilikuwa vimejikunja. Mwalimu alimtazama Sista, ambaye alikuwa akimsaidia mgonjwa wa kiti cha nne. Akatazama chini. Akamtazama mama mkwe wake.

Mama Birika alijishika mdomo kwa mkono asiite yeye. Kisha akautoa. Aliinua tu nyusi na kuunda neno moja kwa midomo: chumvi.

"Sista!" aliita Mwalimu, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, sauti ya kuita watoto arobaini uwanjani. "Samahani, panauma! Hapa kwenye sindano panauma!"

Sista alikuja mbio, akafunga dripu papo hapo, akabonyeza pembeni mwa sindano. Palikuwa pameanza kuvimba kidogo.

"Sindano imeteleza, imetoka mshipani," alisema. "Umefanya vizuri kusema. Ungenyamaza, dawa ingemwagikia chini ya ngozi, na hapa ungebaki na doa la kahawia, pengine la miaka. Na hiyo dawa isingefika tulikoitaka." Akaitoa, akapabandika pamba, akahamia mkono wa pili. Safari hii ikashuka mpaka tone la mwisho. Kwa muda Mwalimu alisema mdomo wake una ladha kama amelamba msumari, Sista akasema hiyo si ajabu, ikapita. Nusu saa ya kutazamwa walikaa, na Mama Birika alitumia nusu saa hiyo kumweleza mgonjwa wa kiti cha tatu, asiyemuuliza, kuhusu chai na saa zake.

Haikuwa miujiza ya siku moja. Kwa siku mbili kichwa kilimgonga Mwalimu kidogo. Lakini wiki ya pili Mama Birika, akichungulia kutoka juu, alimwona anapita ghorofa ya kwanza bila kuinama. Wiki ya tatu mchele ulikaa kwenye ndoo ulipoachwa, na mtego ukarudishwa dukani kwa kukosa kazi. Wiki ya nne kimashine cha Sista kilisema kumi nukta tisa. Mama Birika aliomba kiwango hicho kiandikwe kwenye karatasi, akaenda nacho karakanani, akakibandika kibandani juu ya birika. Jeki alikisoma akavua kofia.

Mtoto alikuja mchana wa saa nane, wiki ya thelathini na tisa, msichana, akilia kama king'ora. Mama Birika alisimama ukumbini amefumba macho mpaka Sista alipotoka akitabasamu.

"Damu imetoka ya kawaida, na mwenyewe ameshaomba chakula. Unamsikia mjukuu wako lakini?"

"Namsikia," alisema Mama Birika, machozi yakimtiririka. "Huyu hana adabu hata kidogo. Mungu ashukuriwe."

Siku ya tatu walirudi nyumbani. Mama Birika aliamka mapema kuliko siku zote, akachemsha, akamimina kwenye kikombe chenye ua, akaonja kwanza asije akakosea kopo, akapeleka kitandani. Mwalimu alikuwa amekaa, mtoto kifuani. Akanywa funda moja. Akaweka kikombe kwenye kigoda.

"Mama," alisema.

"Naam, mwanangu."

"Leo sitaimaliza. Chai yako, kusema kweli, huwa nzito mno. Ukipunguza majani kidogo itakuwa nzuri."

Miaka ishirini na mbili ya kupika chai, na mafundi wote wale na utani wao, hakuna mtu aliyewahi kumwambia apunguze majani. Mama Birika alisimama pale, uso umemwiva. Akafungua mdomo, akaufunga. Akachukua kikombe, akarudi jikoni, akawasha tena jiko, akapima majani upya kwa kijiko kidogo.

"Mola wangu," alinong'ona juu ya sufuria, "nilikuomba aseme. Sikuomba aseme yote."